Kumchagulia hamsta kibete kizimba: pima sakafu kwanza, rangi baadaye

Kizimba kinachovutia macho ya mnunuzi na kizimba kinachomfaa hamsta, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa nyumbani, mara nyingi havifanani hata kidogo. Cha kwanza kina rangi tatu, ghorofa mbili, ngazi, mabomba ya plastiki yanayozunguka juu kwa juu, na picha ya hamsta mnene ubavuni mwa boksi. Cha pili ni boksi pana lililojazwa maranda karibu nusu, na anayepita haraka anaweza kudhani halina kitu ndani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbele ya rafu ya vizimba, ukumbuke msemo huo.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado hajanunua, au amenunua na ameanza kuwa na wasiwasi. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inapunguza uchaguzi wa inayofuata. Na kama mnyama bado hayupo nyumbani, vizuri zaidi: kizimba kitangulie, hamsta afuate.

Hatua ya 1: Mjue unayemwandalia makazi

Jina "hamsta kibete" linabeba wanyama zaidi ya mmoja. Watatu ni wa jenasi moja, Phodopus: hamsta wa Campbell, hamsta wa Djungaria ambaye manyoya yake hugeuka meupe siku zinapofupika wakati wa baridi, na Roborovski, mdogo kuliko wote. Wa nne, hamsta wa China, huuzwa kwa jina hilohilo ingawa ni wa jenasi nyingine. Ni mwembamba, ana mkia unaoonekana na ni hodari wa kupanda. Campbell na Djungaria hufika sentimita 7 hadi 10 na gramu 30 hadi 50. Roborovski huishia kwenye sentimita 5 hivi na gramu 20 hadi 25. Ukimweka kiganjani, unahisi moyo wake ukidunda kabla ya kuhisi uzito wake.

Muulize anayekuuzia ni aina gani hasa. Tofauti ya sentimita tatu nne za mwili ndiyo itakayoamua kama fito za kizimba zitamzuia au zitakuwa mlango.

Asili ya Phodopus ni nyika kavu na majangwa ya Asia: Mongolia, Kazakhstan, kusini mwa Siberia na kaskazini mwa China. Ni nchi ya wazi, yenye miti michache, baridi kali na ndege wa kuwinda angani. Mchana kutwa hamsta yuko chini ya ardhi, kwenye shimo alilochimba mwenyewe. Jua likizama anatoka, anakimbia mbali kutafuta mbegu, anazijaza kwenye mifuko ya mashavu, anarudi kuzificha. Shika picha hiyo: mbio juu ya ardhi, shimo chini yake, giza la kujificha. Ukikwama popote katika hatua zinazofuata, irudie.

Jambo moja zaidi la kuamua hapa ni idadi. Ushauri wangu ni mmoja kwa kizimba kimoja. Vibete wawili wanaweza kuishi vizuri kwa miezi, halafu usiku mmoja wakaumizana vibaya, hata kuuana, na wewe ukakuta damu asubuhi. Kama tayari unao wawili, uwe na kizimba cha pili kilichokamilika, si cha kwenda kukitafuta siku ya ugomvi.

Hatua ya 2: Chukua futi ya kupimia, pima sakafu

Kipimo cha kwanza ni sakafu moja isiyokatika. Chama cha madaktari wa mifugo cha Ujerumani kinachoshughulikia ustawi wa wanyama, TVT, kinataja sentimita 100 kwa 50 kwa 50 kuwa kiwango cha chini kwa hamsta. Sakafu hiyo ni sentimita za mraba 5,000. Wafugaji wengi makini wamekichukua kipimo hicho kama mahali pa kuanzia, nami nakubaliana nao. Ukiweza kwenda juu yake, nenda.

"Lakini huyu ni mdogo tu!" Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na wanaosema hawana nia mbaya. Udogo wa mwili si udogo wa mwendo. Roborovski ndiye mdogo kuliko wote na ndiye mwenye mbio kuliko wote; kumwekea kizimba kidogo kwa sababu ana gramu 20 ni kama kumfunga swala chumbani kwa hoja kwamba si tembo.

Sasa pima kile kizimba cha ghorofa. Mfano, sakafu ya chini ni sentimita 40 kwa 30. Hiyo ni 1,200, chini ya robo ya kiwango. Mtengenezaji ameongeza vijukwaa viwili vya plastiki na kuandika kuwa ni cha ghorofa tatu. Usivijumlishe vijukwaa hivyo. Hamsta hawezi kukimbia moja kwa moja juu yake, hawezi kuchimba juu yake, na anaweza kuanguka kutoka juu yake. Macho ya hamsta ni dhaifu na hayapimi vizuri umbali kwenda chini. Atatembea hadi ukingoni na kuendelea. Anguko la sentimita 20 juu ya plastiki ngumu linatosha kumvunja mguu.

Kosa la kawaida ni kupima nje. Pima ndani, na pima chini, maana vizimba vingi vya plastiki hupungua kuelekea sakafuni: juu vinasoma sentimita 80, chini 70. Urefu ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa ukingo wa juu.

Mabomba nayo yasikushawishi kuwa ni nafasi ya ziada. Hewa ndani yake haitembei vizuri, mkojo unakauka kwenye maungio, unyevu unabaki, na harufu kali ya amonia inamkaa mnyama puani. Ukipenda njia za kupita, zitafanyika kwa maranda, kama utakavyoona.

Hatua ya 3: Pima kina, maana hapo ndipo atakapoishi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Naomba uisome polepole.

Vizimba vingi vya fito vina beseni la plastiki chini lenye kina cha sentimita 10 au 12. Hapo ndipo maranda yanapokaa. Ukizidisha, yanamwagika nje. Hamsta akichimba sentimita 10 anagonga plastiki. Anajaribu kona nyingine, anagonga tena. Nimemtazama mmoja akifanya hivyo saa nzima, makucha yakikwaruza palepale pembeni, na mwenye nyumba akiniambia kwa furaha, "Tazama anavyocheza!" Hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta ardhi.

Mwaka 2006 watafiti nchini Uswisi walichapisha jaribio ambalo kila mwenye hamsta angefaa kulijua. Waliwaweka hamsta wa dhahabu, yaani wale wakubwa, kwenye vizimba vyenye maranda ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wale wa sentimita 10 waling'ata fito zaidi na kukimbia zaidi kwenye gurudumu kuliko wenzao. Kung'ata fito ni dalili ya mnyama asiyeridhika na alipo. Vibete ni wachimbaji pia, na anayempa kibete kina huona tofauti kwa macho yake.

Kwa hiyo lenga maranda ya sentimita 20 kwa uchache, na 25 au 30 upande mmoja. Si lazima kizimba kizima kiwe sawa. Mimi huinua upande mmoja kama kilima na kushusha taratibu hadi upande wa pili, ambako kuna mchanga na gurudumu. Mteremko huo unampa hamsta vyote viwili, uwanja na mlima wa kuchimba.

Fanya hesabu kabla ya kwenda kununua. Sakafu ya sentimita 100 kwa 50 yenye maranda ya sentimita 20 inameza lita 100. Watu hushtuka. Habari njema ni kwamba ni mzigo wa mara moja. Baadaye unaongeza kidogo kidogo.

Na juu ya maranda lazima kubaki nafasi. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20 likiwa kwenye kiguu chake husimama sentimita 22 au zaidi. Ukiliweka juu ya maranda ya sentimita 20 umeshafika 42, bado hujaacha nafasi ya kifuniko. Ndiyo maana kimo cha sentimita 50 si anasa, na ndiyo maana tangi la kimo cha sentimita 30, hata likiwa refu na pana, litakusumbua: ama utapunguza maranda, ama gurudumu litagonga juu.

Kuhusu maranda yenyewe: yawe ya mbao zisizo na harufu kali. Mwerezi epuka kabisa. Msonobari usiokaushwa vizuri kwenye tanuri nao epuka, kwa sababu mafuta yake yenye harufu huumiza mapafu madogo. Vumbi la mbao halifai. Linapanda puani kila akichimba. Karatasi laini iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo ni nzuri, na huyashika mahandaki vizuri zaidi ikichanganywa na maranda. Ujanja mmoja: mwaga tabaka, likandamize kwa kiganja, tandaza nyasi kavu kidogo, mwaga tabaka jingine, kandamiza tena. Nyasi zinafanya kazi ya nondo kwenye zege. Bila kukandamiza, handaki linabomoka kila usiku.

Hatua ya 4: Chagua umbile la kizimba

Ukishajua sakafu na kina unachotaka, uchaguzi unakuwa mwembamba na mwepesi. Kuna njia tatu kubwa, na kila moja ina shida yake.

*Fito za chuma.* Uzuri wake ni hewa. Shida ni mbili: kina kidogo cha beseni, ambacho tumekizungumza, na upana wa nafasi kati ya fito. Vizimba vingi vilipimwa kwa kumfikiria hamsta wa dhahabu, ambaye ni mkubwa mara kadhaa. Kwa kibete, nafasi isizidi milimita 7, na kwa Roborovski punguza hadi 6 au 5. Kipimo cha haraka ukiwa dukani ni penseli. Penseli ya kawaida ya mbao ina unene wa milimita 7 hivi. Ikipita kati ya fito bila kugusa, kizimba hicho kiache hapohapo.

Nalisema hili kwa uchungu. Roborovski wangu wa kwanza alitoka usiku wa pili. Mlango ulikuwa umefungwa, kibanio kimeshika, hakuna kilichovunjika. Nafasi kati ya fito ilikuwa milimita 10, na aliyeniuzia alinihakikishia kuwa ni "ya hamsta wote." Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya kabati, amekonda, amejikunja kwenye vumbi. Alipona. Lakini nilipomrudisha nilikaa kumtazama, na nikamwona akifanya tena: pua, kisha kichwa, kisha sekunde moja ya kujibana, kisha mwili wote nje kama tone la maji. Mifupa yake ni membamba, manyoya ndiyo yanayomfanya aonekane mnene. Kichwa kikipita, kilichobaki hufuata.

Angalia pia sakafu. Sakafu ya waya au wavu haifai kwa miguu ya hamsta. Inamchubua nyayo na kumletea vidonda. Angalia milango, maana fito za kuta zinaweza kuwa sawa lakini pembezoni mwa mlango pakawa na uwazi wa milimita 12.

*Tangi la kioo.* Hili ndilo ninalolipenda zaidi. Linabeba maranda mengi bila kumwaga, halina cha kung'ata, halina pa kupenya, na handaki likichimbwa kandokando ya kioo unaona maisha ambayo kizimba cha fito hakikuonyeshi. Wangu wa Djungaria alichimba njia iliyopinda ukutani, akaweka chumba cha kulala kilichojaa karatasi alizochanachana, na hatua chache kutoka hapo ghala la mbegu alizozipanga kama mchuuzi. Asubuhi nilimkuta amelala chali katika chumba hicho, miguu juu, na nikajua kizimba kimemkubali.

Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 lina ujazo wa lita 250. Ni zito hata likiwa tupu, kwa hiyo pima kwanza meza itakayolibeba, na msilibebe chini ya watu wawili. La zamani la samaki linafaa, hata kama linavuja, kwa kuwa hutatia maji. Kagua tu kama kioo kina nyufa na kama kingo zina makali. Kioshe kwa maji ya moto na siki, kisuuze mara kadhaa, kikauke.

Usilifunike kwa ubao wala kwa kioo kizima. Kifuniko ni fremu ya mbao yenye wavu wa chuma, matundu ya milimita 6 hivi. Kuta zikiwa za kioo, hewa yote inaingilia juu, basi wavu uchukue eneo lote la juu. Tangi refu kwenda juu kuliko upana wake liache, hewa ya chini hudumaa.

*Boksi la plastiki lenye kifuniko.* Njia ya wenye mkono wa kufanya kazi. Tafuta boksi angavu kubwa kuliko yote utakayoyaona, kisha lipime chini, si juu. Mengi hayafiki sentimita 100, na hapo ndipo uaminifu unapotakiwa: ukiona halifiki, usijidanganye kuwa "linakaribia." Kata dirisha kubwa kwenye kifuniko na, ikiwezekana, jingine ubavuni juu ya usawa wa maranda. Toboa kwa keekee, kata taratibu plastiki isipasuke, piga msasa kingo zote. Wavu ufunge kwa bolti, nati na washa, ukae upande wa ndani, ili ukingo wa plastiki uliokatwa usifikiwe na meno. Gundi peke yake usiitegemee. Hamsta ataing'oa na anaweza kuimeza. Meno ya mbele ya hamsta hayaachi kukua maisha yake yote, na ukingo wa plastiki uliochomoza ni mwaliko. Uso laini na ulionyooka hapati pa kushika.

Fundi akikutengenezea kizimba cha mbao chenye kioo mbele, ni sawa pia, mradi ndani kipakwe kinga isiyo na sumu ya kuzuia mkojo usinywewe na mbao, na milango iwe juu ya usawa wa maranda.

Hatua ya 5: Hakikisha vitu vya ndani vinaenea

Kizimba kisichoenea gurudumu si kizimba. Kwa vibete chukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 20, na uso wake uwe mzima. Yale ya vijiti, mguu huingia katikati na kuvunjika. Mtazame akikimbia kutoka ubavuni: mgongo unyooke. Ukipinda kama upinde, gurudumu ni dogo, hata kama boksi liliandikwa kuwa ni la vibete. Magurudumu yanayokuja ndani ya vizimba vya kununua karibu yote ni madogo. Hesabu kuwa utanunua jingine.

Gurudumu usiliweke moja kwa moja juu ya maranda yaliyolegea. Atachimba chini yake na litamwangukia ndani ya shimo. Tengeneza kijukwaa cha mbao chenye miguu inayofika sakafu ya kizimba, maranda yakae kukizunguka, gurudumu likae juu yake. Vitu vingine vizito, kama kibakuli cha udongo au jiwe, navyo vipate nguzo ya namna hiyo au vikae sakafuni kabisa.

Tenga kona ya mchanga, isipungue sentimita 20 kwa 20, kina cha sentimita 4 au 5. Kibete hujisafisha manyoya kwa kujigaragaza mchangani, na wengi huchagua hapohapo kuwa choo, jambo linalokurahisishia usafi. Uwe mchanga mkavu, uliooshwa, usio na rangi wala manukato. Unga laini kama poda usitumie, hata ukiuzwa kwa ajili ya kuogea wanyama: unamwingia mapafuni. Roborovski, mtoto wa jangwa, mpe mchanga zaidi. Theluthi ya sakafu si nyingi kwake.

Kisha mpe kijumba kisicho na sakafu, kikae juu ya maranda, ili aendeleze shimo kwa chini. Mlango wa sentimita 5 unatosha, hata akiwa amejaza mashavu. Mtawanyie vifuniko vya gome, mirija ya kadibodi, matawi makavu ya miti salama. Uwanja mtupu unamtisha, kwa kuwa damu yake bado inamkumbuka ndege wa angani. Kwa matandiko ya kulalia, karatasi nyeupe ya chooni isiyo na manukato inatosha kabisa. Mpe vipande, ataichana mwenyewe. Ile pamba laini inayouzwa kama matandiko ya hamsta iache dukani. Nyuzi zake hujizungusha mguuni hadi damu ikakatika, na zikimezwa huziba tumbo.

Maji yawe kwenye chupa yenye gololi chuchuni au kwenye kibakuli kidogo kizito. Kama ni chupa, gusa gololi kila siku kwa kidole uone kama tone linatoka. Chupa iliyojaa si ushahidi kwamba anakunywa.

Hatua ya 6: Chagua mahali kabla hakijajaa

Kizimba kilichojaa maranda hakihamishiki kirahisi. Mahali pawe na joto la nyuzi 18 hadi 24 hivi, pasipigwe na jua wala upepo wa dirisha. Kioo kwenye jua kinageuka tanuri kwa dakika chache, na hamsta hana pa kukimbilia. Baridi nayo ina hatari yake. Chumba kikipoa sana na mwanga ukiwa mfupi, kibete anaweza kuzama katika usingizi wa baridi: mwili baridi, pumzi moja moja, ukamdhania amekufa. Kabla ya kulia, mshike kiganjani na umpashe joto polepole.

Mweke mbali na televisheni, spika na kompyuta. Hamsta husikia sauti za juu sana ambazo sikio la binadamu halizipati, na baadhi ya vyombo vya umeme huzitoa muda wote. Jikoni hapafai kwa moshi na mvuke. Chumba cha kulala kinafaa tu kama gurudumu lako ni kimya, kwa maana saa unazofumba macho ndizo anazoanza kazi.

Hatua ya 7: Mhamishe, kisha mwangalie

Kabla hajaingia, zungusha mkono kwenye kila ukingo, kila kona, kila mlango, na penseli yako ikiwa mkononi. Bonyeza kifuniko: kinanyanyuka? Kiwekee kibanio au uzito.

Siku akiingia, chukua maranda machache aliyoyatumia mahali alipotoka uyaweke kijumbani, harufu yake mwenyewe impokee. Mwachie siku tatu nne bila kumshika. Mpe chakula, badilisha maji, ondoka. Ukiona hatoki kabisa mchana, ndivyo anavyotakiwa kuwa.

Usafi kwenye kizimba kikubwa ni mwepesi kuliko kwenye kidogo. Chekecha mchanga kila siku moja au mbili, toa sehemu iliyolowa mkojo, toa chakula kibichi alichokificha kabla hakijaoza. Kumwaga maranda yote kila wiki ni kosa lililozoeleka: unamfutia nyumba nzima, mahandaki na ghala, naye anaanza upya kwa hofu. Ukibadilisha, badilisha theluthi na uache iliyobaki.

Wiki za mwanzo tazama dalili. Kung'ata fito bila kukoma, kukwaruza kona moja, kurukaruka ukutani usiku kucha, kuzunguka njia ileile kama mtu aliyefungiwa. Ukiziona, ongeza kina kwanza, kisha vificho, kisha sakafu. Usikimbilie kuongeza vidude. Upara juu ya pua ni alama ya msuguano wa fito. Hapo hakuna cha kusubiri, mtoe kwenye fito umpe kioo.

Na kama umesoma hadi hapa huku kile kizimba kidogo cha rangi tatu kikiwa tayari mezani kwako, usikitupe. Lala salama leo, anza kutafuta kikubwa kesho, na hamsta akishahama, kioshe kile cha zamani, toa mabomba, kifute kikauke. Kitakufaa siku ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo, ukiwa umekitandikia maranda kidogo kutoka nyumbani kwake na kukifunika kitambaa, au kwa ile nusu saa unapozamisha mikono yote miwili kwenye kizimba kikubwa kuokota mbegu zilizoota.